Kwa nini kamera hutaka kujua umbali? Siri ya flashi, shela jeupe na uso uliopotea gizani

Harusi imekwisha, wageni wameondoka, maturubai yanafunguliwa. Mpigapicha anakaa pembeni kuangalia kazi ya siku nzima kwenye kioo cha kamera yake. Picha ya kwanza: bibi harusi amesimama peke yake na shela limeijaza picha yote, lakini halikutoka jeupe. Limetoka la kijivu, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya dimbwi, na uso wa mwenyewe umefifia. Picha ya pili: bwana harusi na suti yake nyeusi. Hapo mambo yamegeuka. Suti ndiyo imekuwa ya kijivu, na uso unang'aa kama umepakwa unga.

Ukumbi ni uleule. Flashi ni ileile. Kati ya picha hizo mbili hapakupita hata dakika moja. Mpigapicha hakugusa kitufe chochote. Sasa kosa limetoka wapi?

Msikilizaji wetu, harusi hairudiwi. Mpigapicha wa kijijini akiharibu picha, analipwa nusu au halipwi kabisa, na mwezi ujao kamati nyingine itamwita mtu mwingine. Ndiyo maana leo tunaeleza jambo ambalo wengi wanaotumia kamera hawajawahi kuelezwa: namna kamera inavyopima mwanga, kwa nini hukosea, na kwa nini umbali kati ya kamera na mtu ni habari yenye thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hata kama huna kamera na unatumia simu tu, usiondoke. Sehemu yako ipo.

Kamera haioni, inapima

Jicho la binadamu likiona shati jeupe kivulini, linajua ni jeupe. Likiona mbuzi mweusi juani, linajua ni mweusi. Kamera haina ujuzi huo. Inachopata ni kiasi cha mwanga tu: mwingi hapa, kidogo pale. Kwa hiyo waliotengeneza vipima mwanga vya kamera waliipa kanuni moja ya kuanzia: chukulia kwamba kitu kilicho mbele yako kina rangi ya wastani, si cheupe sana wala si cheusi sana, bali kijivu cha katikati.

Kanuni hiyo hufanya kazi vizuri siku nyingi, kwa sababu picha nyingi zina mchanganyiko wa vitu vyeupe, vyeusi na vya katikati. Lakini jaza picha yako na kitu cheupe peke yake, na kamera itasema, "Hapa mwanga umezidi," kisha itaupunguza mpaka cheupe kiwe kijivu. Jaza picha na kitu cheusi, nayo itasema, "Hapa pana giza," kisha itaongeza mwanga mpaka cheusi nacho kiwe kijivu.

Hapo ndipo shela na suti vilipoharibikia. Kamera haikuharibika. Ilitii kanuni yake, ila haikujua kwamba ilichokuwa ikikitazama ni shela.

Unaweza kujionea mwenyewe leo jioni. Piga picha ya ukuta uliopakwa chokaa kwa karibu, ukuta tu. Kisha piga picha ya sufuria lenye masizi kwa namna hiyohiyo. Ukizilinganisha utashangaa jinsi zinavyokaribiana kwa mwangaza.

Mwanga wa flashi huchoka njiani

Jambo la pili la kuelewa ni tabia ya flashi yenyewe. Mwanga wa jua hautofautiani kati ya mtu aliye mbele yako na yule aliye nyuma yake hatua kumi. Flashi sivyo. Mwanga wake hupungua haraka sana kadiri unavyosafiri.

Mkulima anayepulizia dawa kwa bomba la mgongoni analijua jambo hili kwa mkono wake. Ukishika pua ya bomba karibu na majani, dawa inalowanisha sehemu ndogo, na kila jani linapata ya kutosha. Ukiinua pua juu mara mbili ya hapo, dawa ileile inatawanyika kwa upana na kwa urefu, inafunika eneo kubwa mara nne, na kila jani linapata robo tu.

Mwanga wa flashi unafuata hesabu hiyohiyo. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Umbali ukiwa mara nne, mwanga unaofika ni sehemu moja kati ya 16.

Sasa ipeleke hesabu hiyo kanisani. Maharusi wako mita 2 kutoka kwenye kamera. Wazazi wako nyuma yao, mita 4. Kwaya iko mita 8. Flashi ikiwapa maharusi mwanga wa kutosha, wazazi wanapata robo yake, na kwaya inapata sehemu moja kati ya 16. Ndiyo sababu kwenye picha nyingi za usiku watu wa mbele wanaonekana vizuri na wa nyuma wamemezwa na giza. Ukiongeza nguvu ya flashi ili kwaya ionekane, maharusi wataungua kwa weupe.

Kwa hiyo katika kazi ya flashi, kuuliza "mwanga kiasi gani?" ni sawa na kuuliza "mtu yuko umbali gani?" Maswali haya mawili hayatenganishwi.

Wazee walipiga hesabu kichwani

Kabla kamera hazijawa na kompyuta ndani, wapigapicha walilijua hilo na walitumia hesabu. Kila flashi ilikuwa na namba ya nguvu yake, na bado flashi nyingi zinayo. Ukigawanya namba hiyo kwa umbali wa mtu kwa mita, unapata namba ya tundu la lenzi unayotakiwa kuweka.

Tuchukue flashi yenye namba 32, kwa ISO 100. Mtu akiwa mita 4, unagawanya 32 kwa 4, unapata 8. Unaweka tundu f/8. Mtu akiwa mita 8, unagawanya 32 kwa 8, unapata 4. Unaweka f/4, ambalo ni tundu kubwa zaidi linaloingiza mwanga zaidi. Kumbuka kwamba namba ya tundu ikiwa ndogo, tundu lenyewe ni kubwa.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haidanganywi na rangi ya nguo. Shela au suti, mbuzi mweusi au mweupe, jibu ni lilelile, kwa sababu hesabu inauliza umbali tu. Ubaya wake ni kwamba mtu akisogea, lazima uanze upya, na bibi harusi anayecheza hasimami kukusubiri ugawanye.

Mwaka 1969 kampuni ya Nikon ya Japani ilitoa lenzi iliyojaribu kumpunguzia mpigapicha kazi hiyo. Iliitwa GN Nikkor, ya milimita 45. Uliweka namba ya nguvu ya flashi kwenye lenzi, kisha ukawa unazungusha pete ya fokasi kama kawaida. Kadiri ulivyofokasi karibu, tundu lilijifunga lenyewe. Ulipofokasi mbali, lilijifungua. Hapakuwa na umeme wala kompyuta, ni vyuma viwili tu vilivyofungwa pamoja. Lakini wazo lake lilikuwa kubwa: lenzi tayari inajua mtu yuko umbali gani, kwa nini tusiitumie habari hiyo kupima mwanga?

Lenzi inajuaje umbali?

Kufokasi ni kusogeza vioo vya ndani ya lenzi mpaka kitu unachokitaka kionekane safi, bila ukungu. Mtu wa mita 2 anahitaji vioo vikae mahali fulani. Mti wa mita 20 unahitaji vikae mahali pengine. Kwa maneno mengine, kila mkao wa vioo una umbali wake. Kwenye lenzi nyingi za zamani utaona umbali huo umeandikwa juu ya pete: mita 1, mita 3, mita 5, halafu alama inayofanana na namba 8 iliyolala, maana yake "mbali kabisa".

Kwenye lenzi za kisasa, kifaa kidogo ndani yake husoma mkao huo na kuutuma kwenye kamera kwa umeme, kupitia vidoti vya chuma vinavyong'aa nyuma ya lenzi. Kamera ikishafokasi usoni mwa mtu, wakati huohuo inapata taarifa: "Mtu huyu yuko karibu mita 3." Si kipimo cha futi kamba. Ni makadirio. Lakini yanatosha kuamua mambo mengi.

Mwaka 1992 Nikon ilitoa kamera ya F90 pamoja na lenzi za aina ya D, herufi inayosimama kwa neno la Kiingereza lenye maana ya umbali. Kamera hiyo iligawa picha katika sehemu nane, ikapima mwanga wa kila sehemu, ikalinganisha sehemu zenye mwanga na zenye giza, kisha ikaongeza habari ya tatu: umbali. Mwaka 2000 Minolta nayo ilileta mfumo wa flashi unaotumia umbali, na Sony iliurithi iliponunua kazi ya kamera za kampuni hiyo miaka sita baadaye. Canon ilifuata mwaka 2004 kwa mfumo uitwao E-TTL II, ulioanza na kamera ya EOS-1D Mark II. Leo ukinunua kamera iliyotumika, iwe Kariakoo au Nairobi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ina mfumo mmoja wa namna hii.

Mwako wa majaribio

Sasa tuone kamera inavyotumia habari hiyo.

Unapobonyeza kitufe, flashi haiwaki mara moja kama unavyodhani. Inawaka mara mbili, kwa haraka kiasi kwamba macho mengi huona mwako mmoja tu. Wa kwanza ni mdogo, wa majaribio. Unakwenda, unamgonga mtu, unarudi kwenye lenzi, na kamera inapima umerudi kiasi gani. Kisha inaamua mwako wa pili, ule wa picha yenyewe, uwe na nguvu kiasi gani.

Tuseme mwako wa majaribio umerudi na mwanga mwingi. Kuna maelezo mawili. Ama mtu yuko karibu sana, au mtu yuko mbali kidogo lakini amevaa nguo nyeupe. Kamera isiyojua umbali haiwezi kutofautisha haya mawili. Itapunguza mwako kwa namna ileile, na shela litatoka la kijivu.

Lakini lenzi ikisema "mita 3", mambo yanabadilika. Kamera inaijua nguvu ya flashi. Inajua kwamba kwa mita 3, mtu wa kawaida angerudisha mwanga wa kiasi fulani. Ukirudi mwingi kupita kiasi hicho, kamera inasema, "Kwa mita 3 huu ni mwingi mno. Kilichopo mbele yangu lazima ni cheupe, au kinameta kama kioo. Nisipunguze sana." Ukirudi mdogo mno, inasema, "Kwa mita 3 huu ni mdogo. Kilichopo ni cheusi. Nisiongeze sana."

Ni ile hesabu ya wazee, ila sasa kamera inaipiga yenyewe na kuilinganisha na kile ilichokipima. Haitegemei umbali peke yake, na haitegemei mwanga uliorudi peke yake. Ni kama baraza linalosikiliza mashahidi wawili kabla ya kukata shauri.

Faida ya pili huonekana mtu anaposimama pembeni ya picha. Tuseme unataka bibi harusi awe kushoto na katikati pawe na mlango ulio wazi, nje kukiwa giza. Kamera ya zamani inayopima katikati hutuma mwako, nao unapotelea nje mlangoni bila kurudi. Kamera inadhani pana giza kubwa, inawasha flashi kwa nguvu zote, na bibi harusi anaungua. Kamera inayojua kwamba umefokasi kwenye mita 2 ina sababu ya kushuku: kwa mita 2, nguvu zote za nini?

Hata bila flashi

Umbali husaidia pia mchana, flashi ikiwa imezimwa. Fikiria picha ambayo juu yake pana mwanga mkali na katikati pana giza. Inaweza kuwa mlima na mawingu. Inaweza pia kuwa bibi yako amesimama mlangoni, na anga jeupe nyuma yake. Kwa kipimo cha mwanga peke yake, picha hizi mbili zinafanana.

Lenzi ikiwa imefokasi mbali kabisa, kamera ina haki ya kudhani ni mlima, na italinda mawingu yasipotee. Lenzi ikiwa imefokasi mita moja na nusu, ina haki ya kudhani kwamba mtu yuko mbele na anga liko nyuma yake tu, hivyo itaongeza mwanga ili uso uonekane. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi jambo hili si dogo. Uso mweusi mbele ya anga jeupe au ukuta wa chokaa ndio picha inayoharibika kuliko zote, kwa sababu kamera inatazama weupe wa nyuma na kumsahau mtu.

Pale msaada unapokatika

Teknolojia hii ina mipaka yake, na mpigapicha asiyeijua atailaumu kamera bure.

Wa kwanza ni kuelekeza flashi juu. Wapigapicha wengi hugeuza kichwa cha flashi kikatazama dari, ili mwanga urudi chini ukiwa laini. Ni njia nzuri. Lakini hapo umbali wa lenzi hauna maana tena, kwa kuwa mwanga unapanda darini kwanza kisha unashuka, na kamera haijui dari liko juu kiasi gani. Kwa hiyo kamera huacha kutumia umbali na kurudi kwenye kipimo cha mwanga uliorudi. Shela litaanza kuwa la kijivu tena, na itabidi uongeze kwa mkono. Tena kumbuka kwamba turubai jeusi au paa refu la ukumbi halirudishi mwanga wa maana, na turubai la bluu litamrudishia bibi harusi mwanga wa bluu usoni. Vivyo hivyo ukiishika flashi mkononi mbali na kamera: umbali wa lenzi si umbali wa flashi tena.

Wa pili ni kufokasi pasipotakiwa. Maharusi wamesimama na pengo dogo kati yao, na alama ya fokasi ya kamera imeangukia kwenye pengo. Kamera inafokasi ukutani nyuma, mita 8, wakati maharusi wako mita 3. Hapo unapata hasara mbili: maharusi wana ukungu, na kamera inaambiwa umbali wa uongo, hivyo inaweza kuwamwagia mwanga kupita kiasi. Ukiona picha ina ukungu na imeungua kwa pamoja, kagua kwanza fokasi iliangukia wapi.

Wa tatu ni vifaa vyenyewe. Zipo lenzi, hasa za zamani, ambazo hazitumi habari ya umbali. Zipo flashi za bei nafuu zenye kidoti kimoja tu katikati, ambazo hazizungumzi na kamera kabisa. Zinawaka kwa nguvu uliyoiweka wewe. Si mbaya, ila kwa hizo inakubidi urudi kwenye hesabu ya wazee. Na wakati mwingine tatizo ni uchafu tu. Vumbi na jasho kwenye vidoti vya chuma hukata mawasiliano. Vipanguse kwa kitambaa laini kikavu, bila maji.

Na simu je?

Simu nyingi hazina flashi ya kweli. Kile kinachowaka nyuma ni taa ndogo, ndugu ya tochi. Inamfaa mtu aliye hatua moja au mbili. Tazama uwanja wa mpira usiku: utaona simu nyingi zinamulika kutoka jukwaani. Mwanga wote huo unaishia kwenye visogo vya watu wa safu ya mbele, na wachezaji hauwafikii kabisa. Katika hali hiyo, zima taa hiyo. Utaokoa chaji, na mara nyingi picha itakuwa bora.

Lakini simu ina jambo moja linalofanana na tulichokieleza. Ukigusa uso wa mtu kwenye kioo, kwenye simu nyingi unafanya mambo mawili kwa mguso mmoja: unaiambia simu ifokasi hapo, na unaiambia ipime mwanga hapo. Usipogusa, simu inakisia yenyewe. Ukigusa, kwenye simu nyingi kinatokea kijua kidogo au mstari pembeni. Ukiuteleza juu, picha inakuwa na mwanga zaidi. Ukiuteleza chini, inapungua.

Hapa ndipo kanuni ya mwanzo inaporudi, na wengi huielewa kinyume. Kitu cheupe kikijaza picha, ongeza mwanga. Kitu cheusi kikijaza picha, punguza. Anayeuza mbuzi mweusi kwa WhatsApp na kutuma picha ambayo mbuzi ameonekana wa kijivu aliyepauka, ajue simu iliongeza mwanga bila kuombwa. Ateleze chini kidogo, manyoya yatang'aa kwa weusi wake, na mnunuzi ataona afya ya mnyama. Mwenye mbuzi mweupe ateleze juu.

Kwa picha ya cheti, hati ya shamba au kitambulisho, usitumie taa ya simu kabisa. Karatasi iko karibu mno, na taa itaacha doa jeupe katikati ya maandishi. Weka karatasi kivulini karibu na mlango, gusa maandishi kwenye kioo, ongeza mwanga kidogo kwa kuwa karatasi ni nyeupe, kisha piga.

Mambo ya kushika

Kwa mwenye kamera na flashi:

- Angalia kama lenzi yako inatuma umbali. Kwa Nikon, tafuta herufi D au G karibu na namba ya tundu. Kwa kampuni nyingine, soma kitabu cha lenzi au muulize fundi.
- Flashi ikiwa imeelekezwa mbele, fokasi usoni mwa mtu, si nguoni wala katikati ya watu wawili.
- Flashi ikiwa imeelekezwa darini, usitegemee umbali. Kwa shela jeupe lililojaza picha, ongeza flashi kidogo kwa kitufe chenye alama za + na −. Kwa suti nyeusi, punguza.
- Ukipiga kundi kubwa, usipange safu zilizoachana sana. Wabane watu wakaribiane, ili wa mbele na wa nyuma wapate mwanga unaolingana.
- Piga picha moja ya majaribio kabla ya tukio, na uiangalie kwa makini. Weupe ukipoteza mikunjo ya nguo, mwanga umezidi.

Kwa mwenye simu:

- Usiku, sogea. Miguu yako ni bora kuliko taa ya simu. Kutoka mita 4 hadi mita 2, mwanga wa taa hiyo usoni unakuwa mara nne.
- Gusa uso kila mara kabla ya kupiga.
- Usimsimamishe mtu na anga au dirisha nyuma yake. Mgeuze, mwanga umwangukie usoni.

Turudi kwa yule mpigapicha wetu na picha zake mbili. Huenda flashi yake ilikuwa imetazama juu. Huenda lenzi aliyoazima haikutuma umbali. Vyovyote vile, kamera ilipokosa kujua mtu yuko wapi, ilibaki na kanuni yake ya kijivu tu, nayo kanuni hiyo haijui harusi.

Yeye anajua. Anajua shela ni jeupe, anajua suti ni nyeusi, na anaweza kuhesabu hatua kati yake na maharusi bila kifaa chochote. Safari ijayo, kabla ya kubonyeza, ajiulize maswali mawili: mtu huyu yuko hatua ngapi, na nguo yake ni ya rangi gani? Akiyajibu hayo, kamera itakuwa msaidizi wake, hata ile ya zamani yenye flashi ya kidoti kimoja.